Mkaa uliopoa kabisa unawezaje kuwaka wenyewe ndani ya kontena la meli?

Ukimwambia mtu wa Moshi au Arusha "mzigo hatari" anawaza petroli, gesi, baruti. Mkaa haumjii kichwani kabisa, mkaa si ndio huu tunapimiwa kwa sado pale Mbuyuni, na gunia linakaa stoo miezi bila tatizo. Lakini kwenye IMDG, kanuni za kimataifa za mizigo hatari baharini, mkaa una namba yake, UN 1361, daraja 4.2, yaani vitu vinavyoweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Wengi wanasema hapo lazima kuna kaa lililobaki na moto toka kwenye tanuri. Inatokea kweli, ila hata mkaa usio na cheche yoyote unaweza kuwaka. Mkaa umejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, oksijeni ya hewani inanasa humo, na kila ikinasa inatoa joto kidogo. Mkaa mpya ndio unanasa kwa kasi zaidi, na uliosagika vumbi ni hivyo hivyo.

Sasa hilo joto linaenda wapi? Chukua uji. Ukiumimina kwenye sahani unapoa mara moja, ukiuacha kwenye sufuria la shughuli juu unashika utando lakini katikati bado unaunguza ulimi. Gunia moja la stoo ni ile sahani, joto linatoka pande zote kabla halijajikusanya, kontena lililoshindiliwa ndio sufuria, na tofauti na uji mkaa wa katikati unaendelea kutengeneza joto, ukizidi kupata moto unanasa oksijeni haraka zaidi, basi joto linapanda tena mpaka unawaka.

Ndiyo maana ukubwa wa rundo ni jambo zito. Mkaa wa mita za ujazo 27 unaweza kufika kujiwasha ukiwa kwenye nyuzi 50 tu, lakini mchemraba wa sentimita 10 unahitaji karibu nyuzi 140. Kipimo cha maabara cha kuona kama mkaa unajiwasha kimejengwa juu ya tabia hiyo hiyo ya mkaa: kipande kidogo, oveni ya nyuzi 140, saa 24. Zamani sampuli ikifaulu shehena nzima ilisafiri kama mzigo wa kawaida, wakati sampuli moja haisemi kila kitu kuhusu magunia mengine mamia, na makontena yaliendelea kuungua. Msamaha huo umefutwa, tangu 1 Januari 2026 ni lazima mkaa utangazwe kuwa mzigo hatari.

Kwa hiyo wenzetu wa mkaa mbadala wenye ndoto ya kuuza nje wajue haya: baada ya kuchomwa ukae siku 14 kwenye hewa wazi chini ya paa, siku ya kupakia usizidi nyuzi 40, juu ibaki nafasi ya sentimita 30, na rundo lisizidi mita 1.5 kwenda juu au ligawanywe mafungu ya mita za ujazo 16 yenye upenyo wa sentimita 15 kati yake ili joto lipate pa kutokea.

Na makaratasi yaandikwe ukweli jamani. Meli nyingi zinapasha moto mafuta yao mazito ndani ya matangi, na anayepanga makontena akisoma kitu kingine badala ya mkaa hana sababu ya kuliweka kontena hilo mbali na ukuta wa tangi lenye joto.