Ng'ombe si wengi, ng'ombe wamekaa pale pale mno

Kila kaskazi ikianza kuvuma, maji ya mto Sabaki yanasukumwa kusini, bahari ya Malindi hapa pwani ya Kenya inakuwa nyekundu ya udongo, na mimi naanza kuletewa ile sentensi. Naletewa mikutanoni, naletewa kwenye magrupu ya Wosapu, na juzi tena nimeletewa na ndugu mmoja wa biashara za ufuoni ambaye najua nia yake ni njema kabisa: "Hawa wafugaji wapunguze ng'ombe tu, matope yataisha yenyewe." Na watu wote mle ndani wakaitikia. Nimechoka kuijibu nusu nusu nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hivyo leo naiandika yote.

Kazi yangu ni malisho, yaani nyasi, udongo na mifugo, upande wa Magarini na Chakama, na mara nyingine navuka hadi Tana Delta na Witu. Na ninachosema ni hiki: nyasi haiuliwi na ng'ombe wengi, inauliwa na ng'ombe anayerudi kabla haijapona, na ikifa udongo unabaki mtupu, mvua inausomba mpaka mtoni. Idadi ina pahali pake na nitafika hapo, lakini mtu akianzia kwenye idadi anatibu kisicho mgonjwa.

Chukua nyasi ya kudumu, ile inayoishi miaka kwa mizizi yake, si hii ya msimu inayoota na mvua na kufa na jua. Ikilumwa mara ya kwanza inatoa akiba yake ya chini, kwenye kitako cha shina na mizizini, inatengeneza majani mapya. Majani yakishakomaa yanarudisha ile akiba. Lakini ikilumwa tena wakati bado ni machipukizi, inakopa kwenye akiba iliyokwisha kupungua, na mizizi inafupika. Ikifanyiwa hivyo mara ya tatu, mara ya nne, shina linakufa na pale panabaki peupe. Sasa shida ni kwamba machipukizi ndiyo matamu, na mnyama ukimwacha achague atarudi kwenye shina lile lile alilokula wiki iliyopita, na pembeni yake kuna shina jengine limezeeka, limekauka kijivu, hakuna anayeligusa, nalo linakufa kwa kukosa kuliwa. Haya yote yako kwenye ekari moja! Halafu anakuja mtu na hesabu ya wastani anaandika kwenye ripoti "malisho yanatosha kwa idadi iliyopo". Yanatosha vipi wakati nusu ya mashina yameuliwa kwa kuliwa mno na nusu kwa kutoliwa?

André Voisin, Mfaransa mtaalamu wa malisho, aliyasema haya tangu miaka ya 1950, kwamba cha kuhesabu ni muda kabla ya vichwa vya ng'ombe: jani limeachwa siku ngapi, na mnyama amekaa siku ngapi. Na wazee wa kifugaji walikuwa wanayafanya bila kuyasoma kwake. Waborana wana baraza la dedha linalosema nani achunge wapi na msimu gani, Wamaasai wanatenga malisho ya ndama ambayo ng'ombe wakubwa hawaingii. Ukimkuta mzee wa Kiorma, wale wafugaji wa Tana, na kundi kubwa ndani ya delta ya mto huo wakati wa kiangazi unaogopa, unapiga picha, unatuma. Lakini mvua ikinyesha yule mzee anaondoka, na delta inapata msimu mzima wa kuota bila mdomo wa ng'ombe juu yake. Sasa linganisha na mbuzi wachache tu waliofungwa kuizunguka boma moja mwaka mzima, mvua na jua. Hapo ndipo utakapoona udongo mtupu na vikorongo vinavyoanza kuchimbika, na hakuna anayepiga picha manake mbuzi kidogo hawatishi mtu.

Tena hii dawa ya kupunguza vichwa kwa nguvu ilishajaribiwa, na ilijaribiwa kwenye mto huu huu wetu. Sabaki tunayoiona pale darajani ni Athi iliyotoka kule juu karibu na Nairobi, ikapita Ukambani, ikakutana na mto Tsavo ikaitwa Galana, mpaka inamwaga hapa kwetu kaskazini ya mji baada ya kilomita kama 390. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona Machakos, huko Ukambani, imeliwa na mmomonyoko, ikaamua ng'ombe ni wengi, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa tayari pale Athi River kinawasubiri. Kwa nini wale ng'ombe walikuwa wamerundikana hakuna aliyeuliza, au waliuliza na jibu halikuwapendeza. Milima ya Mua ilikuwa imeshakwenda kwa walowezi, na Yatta, ambako Wakamba walikuwa wakipeleka mifugo, walikuwa wamezuiwa. Mifugo iliyokuwa ikizunguka nchi pana ikafungiwa kwenye kipande. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao, wakapiga kambi huko mpaka serikali ikarudi nyuma kwenye ule mnada wa lazima. Yeye mwenyewe wakamkamata wakamleta huku Lamu kizuizini. Kwa hivyo ukitaka kuniambia habari ya kupunguza ng'ombe ili bahari isafike, jua kwamba kuna mtu alishafungwa kisiwani kwetu kwa hoja hiyo, na matope hayakuacha kuja.

Na ushahidi wa matope tunao chini ya maji. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha walichokisoma ndani ya tumbawe la zamani la hapa Malindi. Tumbawe likikua linaweka tabaka mwaka hadi mwaka, na udongo wa mto ukifika baharini unaachia madini ya bari (barium) ambayo yanaingia kwenye lile tabaka, hivyo ukipima bari unajua mto ulileta udongo kiasi gani. Walipata rekodi ya miaka 300. Kutoka 1700 mpaka 1900 udongo uko karibu sawa. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 unapanda, mwanzo pole pole, halafu kwa kasi. Ng'ombe walikuwepo Ukambani karne zote hizo. Kilichobadilika ni jinsi ardhi inavyotumika: watu na mifugo wamebanwa, miteremko imelimwa, miti imekatwa. Kwa hivyo hata hayo matope yenyewe si ya mifugo peke yake, mengi yanatoka kwenye mashamba ya juu yasiyo na matuta, na kwenye barabara, na huku chini kwetu uchomaji wa makaa una sehemu yake kubwa, lakini hayo yana wataalamu wake, mimi nirudi kwenye nyasi.

Nyasi na maji ni jambo moja. Tone la mvua likiangukia jani au takataka za nyasi kavu linavunjika nguvu, linateremka pole, linaingia kwenye vijia vya mizizi. Likiangukia udongo mtupu linaupiga, vumbi jepesi linaziba vitundu, jua likitoka panakuwa na ganda, na mvua inayofuata inateleza juu yake kama juu ya sakafu. Kwa hivyo mvua ni ile ile lakini kisima hakijai, na Sabaki inapanda kwa siku moja na kushuka kwa siku mbili ikiwa imebeba shamba la mtu. Watu wanasema mvua imepungua. Pengine, lakini kwanza angalia inaingia ardhini kiasi gani. Chukua mkebe ulioondolewa kitako na mfuniko, uugongomelee kidogo ardhini, mimina maji, hesabu muda yanavyozama. Fanya hivyo chini ya kichaka ambako mbuzi hafiki na ufanye njiani kwa ng'ombe. Hakuna semina inayoshinda hiyo.

Silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua, ni hadithi nyingine. Tunachimba silanga, tunashukuru mfadhili, hatupangi nani atakunywa lini, basi kila kundi linabaki pale mwaka mzima, mduara unaoizunguka unakuwa mtupu, na mvua ikija udongo wa ule mduara unaingia kwenye silanga yenyewe na kuijaza. Malka za mto Tana, zile njia za mifugo kushukia majini, zina shida hiyo hiyo zikibaki chache: zikizibwa nyingine na mashamba, ng'ombe wote wanashukia moja na ukingo unabomoka.

Kinachoniudhi zaidi kuliko hata ile sentensi ya ufuoni ni plani za kalenda. Mtu anakuja na ramani, amegawa malisho seketa nne, yaani vipande vinne, ameandika siku 30 kila seketa, zungusha. Siku 30 za nini? Mvua ya mwezi wa tano nyasi inaweza kupona ndani ya hizo siku, mwezi wa pili jani halijasogea hata kidogo, na wewe unamrudisha ng'ombe kwa sababu karatasi imesema. Inatakiwa kinyume chake: nyasi ikikua haraka, hamisha haraka, ikikua pole pole, mapumziko yarefuke. Na ukiondoka uache kama nusu ya jani imesimama, manake ile nusu ndiyo inayopika chakula cha kuota tena. Mchungaji anayeshuka na kuishika nyasi kwa mkono ana plani nzuri kuliko hiyo ramani, na inauma kuona kijana anayejua haya yote anaambiwa akae kimya asikilize mradi.

Sasa idadi. Mvua ikikatika kabisa, kama ile misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua kuanzia mwishoni mwa 2020, nyasi haioti, na kuhamisha hakuzalishi kitu. Hapo imebaki hesabu tu ya nyasi iliyosimama: ng'ombe wa kilo 250 anataka kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Ukiona vuli imekosa, uza mapema wakati bado ana mwili na bei. Usingoje aanguke. Hilo la kupunguza nalikubali, na linatoka kwa mwenye ng'ombe mwenyewe akiwa na soko la karibu, si kwa amri.

Na kuna pahali mimi mwenyewe nina wasiwasi. Allan Savory, mtaalamu wa malisho wa Zimbabwe, aliwaaminisha watu wengi, hasa baada ya hotuba yake ya 2013, kwamba kundi kubwa lililobanwa pamoja kwa muda mfupi linavunja ganda kwa kwato na kuingiza maji. Mapumziko nayaamini bila shaka. Kwato, hapana, si kila pahali. Kwenye udongo mweusi wa delta ukiwa umelowa, kwato zinaushindilia. Boma ya kuhamahama, ile ya kulaza ng'ombe siku chache juu ya kipara halafu unasogeza, nimeona nyasi nzuri ikifuata, lakini pale kuna samadi na mkojo pia, na mimi siwezi kukuapia kwamba ni kwato. Halafu mtafiti wa malisho David Briske na wenzake mwaka 2008 walipitia majaribio mengi ya malisho wakakuta kuzungusha mifugo hakukushinda kuiacha pahali pamoja kwa idadi ile ile. Jibu langu huwa kwamba mengi ya yale majaribio yalifuata kalenda, hayakuwa na mchungaji anayebadilisha mawazo kulingana na mvua. Nadhani ni jibu zuri. Lakini mchungaji wa namna hiyo ni vigumu kumweka ndani ya jaribio, kwa hivyo ni jibu ambalo mtu hawezi kulivunja kirahisi, na hilo linanisumbua.

La mwisho, kuhama kunataka pa kuhamia. Tana Delta mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 walikufa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji, na malisho na njia za maji zilikuwa ndani ya ugomvi ule. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yao pamoja, na njia za mifugo zikae kwenye ramani kabla hazijauzwa vipande vipande. Kazi hiyo ni pole pole na haina picha nzuri. Ndugu yangu wa ufuoni, kama unayo pesa ya kuisaidia bahari, lipia kikao cha wazee mwezi wa tatu, kabla ya masika, wakubaliane silanga zipi za mbali zinywewe kwanza na zipi za karibu na mto zifungwe mpaka kiangazi, halafu lipia kuchotwa matope kwenye hizo za mbali. Hizo zikiwa hazina maji, hakuna mchungaji atakayekwenda huko hata nyasi ikifika kiunoni.