Udongo Ushike Kwenye Picha

Watu wakiona picha ninazochora kwa udongo huuliza kama rangi ya udongo itapauka. Haipauki. Wekundu wa udongo wetu unatokana na oksidi ya chuma, yaani kutu, na jua haliibadilishi kirahisi. Kinachoangusha picha ya udongo ni kukosea gundi.

Udongo uliochanganywa na maji matupu ukikauka unafutika kwa kidole. Mimi natumia gundi nyeupe ya mafundi seremala. Nauanika udongo hadi ukauke kabisa, nautwanga, naupitisha kwenye chekeche la unga. Chembe zinazobaki juu sizitupi. Zinafaa pale ninapotaka uso uparuze. Kisha naongeza gundi kidogo kidogo hadi mchanganyiko ukae kwenye mwiko bila kudondoka. Gundi ikizidi, uso unang'aa na ule ukavu wa udongo unapotea. Sichori mtu wala nyumba, uso wa udongo ndio picha yenyewe, kwa hiyo ukavu ule ukipotea sibaki na picha.

Halafu kuna nyufa. Udongo wa mfinyanzi husinyaa ukikauka, na tabaka nene hupasuka. Wengi huziziba, mimi nazipenda mno. Mchoraji Alberto Burri wa Italia alizifanya ndiyo kazi yenyewe katika miaka ya 1970: alichanganya kaolini (udongo mweupe laini), rangi nyeupe ya zinki na gundi ya jamii hii hii, akapaka juu ya ubao, akaacha upasuke, kisha akazituliza nyufa kwa gundi nyingine. Ubao ni muhimu. Kitambaa hucheza, na udongo mnene juu yake hubanduka vipande vipande, ndiyo maana kazi nzito nazifanyia kwenye plaiwudi.

Burri alikuwa daktari wa jeshi, akaanza kuchora akiwa mfungwa wa vita huko Texas, na magunia yakawa kitambaa chake. Gunia lina mshono, kiraka, maandishi yaliyofifia. Ukilipaka lote rangi umelinyima kusema. Mimi gunia nalibandika kwa gundi, naukandamiza udongo kwenye matundu ya nyuzi, mshono nauacha wazi.

Ukitumia mchanga wa pwani, uoshe kwa maji ya bomba mara kadhaa, kwani chumvi huvuta unyevu na baadaye hutoka juu kama unga mweupe.

Kazi ikikauka, isimamishe wima uigonge nyuma kwa kiganja. Cha kuanguka kianguke hapo, kabla mteja hajaitundika.