Kupunguza gesijoto na matumizi ya nishati shuleni: maana yake kwa shule za Dar es Salaam

Kupunguza gesijoto na matumizi ya nishati katika shule za halmashauri ni utaratibu wa kupima nishati yote inayotumika madarasani, ofisini, jikoni na kwenye magari ya shule, kisha kuipunguza mwaka hadi mwaka bila kudhoofisha masomo. Gesijoto ni gesi zinazozuia joto la dunia lisipotelee angani. Kwa shule, zinazohusika zaidi ni kaboni dayoksaidi, itokanayo na kuchoma mafuta, gesi, kuni na mkaa, na methani, ambayo hutoka kwenye matanuri ya mkaa na kwenye mabaki ya chakula yanayooza dampo.

Kupunguza nishati na kupunguza gesijoto hufuatana, lakini havilingani. Umeme wa gridi unaofika Dar es Salaam hutokana na maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, na pia na gesi asilia inayochomwa Kinyerezi na Ubungo. Uniti moja ya umeme (kilowati-saa) iliyookolewa hupunguza gharama ya LUKU papo hapo, ila gesijoto inayoepukwa ni kidogo kuliko ya lita moja ya dizeli iliyochomwa na jenereta au basi la wanafunzi, ambayo hutoa takribani kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Kwa maoni yangu, kampeni ya kuzima taa isiyogusa jiko wala magari inaanzia pasipo na uzito.

Uzito uko jikoni. Shule inayopika uji wa asubuhi na makande ya mchana kwa mamia ya wanafunzi hutumia mkaa unaoletwa kutoka mikoa kama Pwani na Morogoro, na sehemu kubwa ya nishati ya mti huwa imekwisha kupotea kwenye tanuri la udongo kabla gunia halijapakiwa. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi ya mitungi nayo ni ya kisukuku, yaani hutokana na mafuta na gesi za kuchimbwa ardhini, lakini huungua vizuri na haiachi masizi mapafuni mwa mpishi. Hata kabla ya kubadili jiko, kuloweka mahindi na maharage usiku kucha na kufunika sufuria hupunguza muda wa kupika, jambo ambalo wapishi wengi wanalijua na bajeti nyingi hazilitaji.

Kupima hakuhitaji mtaalamu: daftari moja la uniti zilizonunuliwa, magunia ya mkaa, mitungi ya gesi na lita za dizeli kwa mwaka, likigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, linatosha kuanzia. Darasa lenye tyubulaiti 4 za wati 36 zinazowaka saa 6 hutumia uniti 0.86 kwa siku. Zikiwekwa za LED za wati 18, matumizi hushuka hadi nusu. Joto la Januari na Februari chini ya bati lisilo na dari ndilo hudai feni zaidi, kwa hiyo dari, rangi nyeupe juu ya paa na madirisha yanayotazama kaskazini na kusini ni hatua za nishati pia, ingawa fundi umeme hahusiki.

Zipo shule ambazo umeme wake unaishia ofisi ya mwalimu mkuu. Kuziambia zipunguze hakuna maana. Kwao dhana hii ni kuunganishwa vizuri tangu mwanzo, kwa taa na vifaa visivyokula umeme mwingi. Kwa nyingine, halmashauri inaweza kununua taa na majiko kwa pamoja, na fedha iliyookolewa ikabaki shuleni, kwani mwalimu mkuu ambaye akiba yake inamezwa na mfuko wa halmashauri hana sababu ya kufuatilia daftari.