Lishe bora kwa kaya inayonunua chakula siku kwa siku

Katika maeneo kama Manzese, Tandale na Mbagala jijini Dar es Salaam, ni nadra kutembea dakika kumi bila kukuta genge lenye mchicha, nyanya, dagaa na maharage. Kwa hiyo kusema kwamba kaya za kipato cha chini hazili vizuri kwa sababu chakula bora kiko mbali hakuelezi hali ya huku kwetu. Kinachozikwamisha ni namna zinavyolazimika kununua. Anayelipwa kwa siku, awe kibarua wa ujenzi au mbeba mizigo sokoni, hununua kwa siku: unga nusu kilo, mafuta ya kupima, dagaa fungu moja, mkaa wa kopo. Kadiri kipimo kinavyopungua ndivyo bei ya kila kilo inavyopanda, na mwezi ukiisha kaya hiyo huwa imelipia chakula kilekile fedha nyingi kuliko jirani aliyenunua gunia.

Maharage yanaonyesha jambo hili vizuri. Hutoa protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi kwa gharama iliyo chini sana ya nyama, lakini mama anayepikia mkaa hahesabu bei ya maharage peke yake. Huhesabu pia saa mbili au tatu za moto, na mara nyingi ni mkaa huo unaoamua kama watoto watakula maharage au watatumwa chipsi. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza sana muda wa kuyapika, na hupunguza gesi tumboni pia, faida ambayo wengi huitaja kabla ya ile ya mkaa. Huko Nairobi, wachuuzi katika vitongoji kama Kibera huchemsha mahindi na maharage kwa sufuria kubwa na kuyauza kwa kipimo, mnunuzi akayaunga nyumbani kwa dakika chache, hivyo moto mmoja ukahudumia kaya nyingi. Mama lishe wetu tayari wana sufuria na majiko ya kutosha kazi hiyo, na kwa maoni yangu serikali za mitaa zingeweza kuwahimiza kuianza bila kusubiri bajeti mpya.

Njia nyingine ni kununua kwa pamoja. Wanachama kumi wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, wakichangia gunia la maharage la kilo 100, kila mmoja huondoka na kilo kumi kwa bei ya jumla, na marejesho yanaweza kulipwa kidogo kidogo kama mkopo mwingine wowote wa kikundi. Sharti lake ni uhifadhi. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri, au zilizolazwa juu ya sakafu yenye unyevu, huota ukungu unaozalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Ndiyo iliyosababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Gunia liwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na punje zilizobadilika rangi zisiliwe wala zisipewe kuku.

Wenye magenge nao wanastahili kuangaliwa, kwa sababu wao ndio soko halisi la mtaa. Mchicha ulioanikwa juani hunyauka kabla ya saa sita mchana, na mafuta yaliyoongezwa vitamini A yakikaa kwenye chupa angavu barazani hupoteza sehemu ya vitamini hiyo kwa mwanga. Kivuli na meza ni vitu vya gharama ndogo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha wauza mboga kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo huo.

Kuhusu unga, ushauri ni mfupi: dona hubaki na kiini na pumba ambazo sembe hupoteza mashineni pamoja na vitamini B na madini, ila haidumu sana, hivyo isagwe kidogo kidogo.

Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo huleta kalsiamu pamoja na protini. Wakipikwa na mboga za majani zilizoungwa kwa mafuta kidogo, mwili hupata na vitamini A. Tone la limau juu yake husaidia ufyonzwaji wa madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huuzuia, na ni vyema isubiri saa moja hivi.

Wenye nafasi ya uani, hata ya gunia moja la udongo, wanaweza kupanda matembele kwa vipande vya shina na kuyachuma mara kwa mara, au mchicha unaokuwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Maji ya kumwagilia yasichotwe Mto Msimbazi wala kwenye mitaro ya majitaka. Kuosha mboga huondoa vumbi na baadhi ya vijidudu, lakini metali nzito zilizokwisha kuingia ndani ya jani haziondoki kwa maji wala kwa moto.