Sharaku wa Filamu na Sharaku wa Historia: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi waliotazama "Sharaku", filamu ya mwaka 1995 iliyoongozwa na Masahiro Shinoda, huamini kwamba imewafichulia siri ya Toshusai Sharaku, mchoraji aliyezuka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, katikati ya mwaka 1794 na kutoweka mwanzoni mwa 1795, akiacha picha zaidi ya 140 zilizochapwa kwa mbao, nyingi zikiwa za waigizaji wa kabuki, tamthilia iliyopendwa na watu wa mjini. Katika filamu hiyo yeye ni mwigizaji wa ngazi ya chini wa kabuki aliyeumia mguu. Huyo ni mhusika wa kubuni, hata kama Hiroyuki Sanada amemwigiza vizuri kiasi cha kumfanya mtazamaji asahau kuhoji.

Wengine hudhani kwamba hakuna lolote linalojulikana, na kwamba Sharaku huenda alikuwa mchoraji mashuhuri kama Hokusai au Utamaro aliyejificha nyuma ya jina jingine. Dhana hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu ushahidi upo. Mwaka 1844 Saito Gesshin, mwandishi wa habari za Edo, aliandika kwamba Sharaku alikuwa Saito Jurobei, mwigizaji wa noh, tamthilia ya kale ya Japani, aliyemtumikia mtawala wa jimbo la Awa na kuishi mtaa wa Hatchobori mjini Edo. Baadhi ya watafiti walitilia shaka hata kuwapo kwa mtu huyo, mpaka mwaka 1997 kumbukumbu za hekalu la Hokoji, huko Koshigaya, zilipoonyesha kuwa alifariki mwaka 1820 akiwa na umri wa miaka 58. Kumbukumbu hizo hazisemi kwamba alichora, hivyo mjadala haujafungwa kabisa, lakini hakuna jina jingine lenye msingi imara kama hilo.

Ipo pia dhana kwamba picha hizo ni kazi ya mkono mmoja. Kwa kweli mchoraji alitoa mchoro wa wino tu. Mchongaji aliubandika juu ya ubao wa mcheri na kuuchonga, kisha mchapaji akachapa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi kwa ubao wake. Aliyegharimia yote alikuwa mchapishaji, Tsutaya Juzaburo, ambaye mwaka 1791 serikali ilimnyang'anya nusu ya mali yake, na bado akathubutu kuzipa picha 28 za kwanza za mchoraji asiyejulikana mandhari ya ulanga mweusi, unga wa madini unaometameta. Hapa filamu inastahili sifa, kwani Tsutaya, aliyeigizwa na Frankie Sakai, amepewa uzito anaostahili.

Si kweli, hatimaye, kwamba Sharaku hakudumu kwa kukosa ustadi. Mwandishi Ota Nanpo, aliyeishi wakati huo, aliandika kwamba Sharaku alikazana mno kuwaonyesha waigizaji walivyo. Katika kabuki wahusika wa kike waliigizwa na wanaume, na mashabiki walitaka picha za kuwapendezesha. Sharaku alimchora mwigizaji Segawa Tomisaburo wa Pili, akiwa katika vazi la mke wa samurai, kwa uso mkavu wa mwanamume.