Filamu ya Majaribio na Maandishi Yake Vihifadhiwe Pamoja

Anayefungua kopo la filamu lililokaa miaka mingi katika chumba chenye joto hupokewa na harufu kali ya siki kabla hajauona ukanda wenyewe. Harufu hiyo ni dalili kwamba asetati, plastiki iliyotumika kutengenezea kanda nyingi za filamu za karne ya 20, imeanza kuoza. Kuoza huko kukishaanza hakurudi nyuma, kwa kuwa asidi inayotoka huchochea kuoza zaidi, ukanda husinyaa na kujikunja, na hatimaye haupiti tena katika meno ya projekta. Linalobaki kwetu wahifadhi ni kupunguza kasi yake kwa kuuweka ukanda mahali penye baridi na pakavu, na kuunakili mapema.

Filamu ya kibiashara kwa kawaida ilichapwa nakala nyingi kutoka kwenye negativi, yaani ukanda mama ambao mwanga na giza vimegeuzwa, hivyo kopo moja likiharibika huenda jingine likapatikana kwingineko. Filamu za majaribio, yaani zile ambazo msanii hutumia mwanga, mwendo na ukanda wenyewe kama mchoraji atumiavyo rangi, mara nyingi hazina bahati hiyo. Wengi wa waliozitengeneza walifanya kazi peke yao, kwa fedha zao wenyewe, wakitumia ukanda wa milimita 16 au 8 ambao ukishasafishwa maabara hutoa picha kamili bila negativi. Ukanda ule ule uliopita ndani ya kamera ndio uliooneshwa kwa watazamaji, na ukipotea hakuna mwingine.

Hata hivyo, kuokoa ukanda peke yake hakutoshi, na hili ndilo ningependa umma ulielewe zaidi ya yote. Mwaka 1963 msanii wa Marekani Stan Brakhage alitengeneza Mothlight, filamu ya muda usiofika dakika nne, bila kutumia kamera. Alibandika mabawa ya nondo, petali za maua na vipande vya majani katikati ya tepu angavu zenye upana wa milimita 16, kisha maabara ikachapa nakala. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana katika ukanda, ina kimo katika filamu ya milimita 16 kisichofika sentimita moja, kwa hiyo bawa moja huweza kupita juu ya fremu kadhaa, na projekta inapozipitisha fremu hizo kwa kasi, mtazamaji huona mpapatiko ambao hakuna kamera iliyoupiga.

Sasa tuseme ukanda wa namna hiyo umefika kwa fundi hodari asiyejua ulivyotengenezwa. Programu za kukarabati filamu hulinganisha fremu moja na jirani zake, na doa linaloonekana katika fremu moja tu huhesabiwa kuwa vumbi na kufutwa. Katika filamu iliyochorwa au kukwaruzwa kwa mkono, doa hilo ndilo kazi ya msanii. Fundi atafuta sanaa huku akiamini kwamba ameitendea wema. Kosa jingine ni la kasi. The Flicker, filamu ya msanii wa Marekani Tony Conrad ya mwaka 1966, imejengwa karibu yote kwa fremu nyeusi na nyeupe zinazopokezana kwa mpangilio uliopimwa. Ukibadilisha kasi ya fremu ili nakala ya dijitali iendane na televisheni, umebadilisha mdundo ambao ndio filamu yenyewe.

Ujuzi wa kuepuka makosa hayo umo katika barua za wasanii, maelekezo waliyoipa maabara, vipeperushi vya maonesho, mahojiano, na majarida yenye wasomaji wachache. Vyama vya ushirika vya watengenezaji filamu vilivyoanzishwa New York na London katika miaka ya 1960 vilisambaza kazi za wanachama wao kwa kutumia katalogi ambamo wasanii wenyewe walieleza kazi zao. Katalogi hizo za kukodishia filamu leo ni ushahidi wa kitaaluma usio na mbadala. Anthology Film Archives, hifadhi ya filamu iliyofunguliwa New York mwaka 1970, ilielewa jambo hili mapema, na imekuwa ikitunza vitabu na nyaraka pamoja na filamu. Kwa maoni yangu, hifadhi inayopokea makopo na kukataa maboksi ya karatasi imepokea nusu ya urithi.

Kwa hiyo, familia inayokuta filamu za ndugu aliyefariki isikimbilie kuzionesha kwa projekta kuukuu, maana ukanda uliosinyaa huchanika kwa urahisi. Isitupe kopo lenye maandishi wala kikaratasi kilichomo ndani. Ikishapata nakala ya dijitali isiutupe ukanda, kwa sababu faili nalo huhitaji kuhamishwa kila vifaa vinapobadilika, na skani bora zaidi huenda ikafanyika baadaye.

Watafiti na wanafunzi wa filamu nao wawafuate wasanii walio hai na kuwarekodi. Waulize kasi iliyokusudiwa, kama ni fremu 18 au 24 kwa sekunde. Mikwaruzo ipi ni ya makusudi. Na kama ukimya wa filamu ulichaguliwa au ulitokana na ukosefu wa fedha za sauti. Mothlight ni filamu ya kimya kwa makusudi, na anayeiwekea muziki ili ivutie vijana anaonesha kitu kingine. Majibu hayo yaandikwe, yatiwe tarehe, na nakala yake iwekwe pamoja na ukanda.