Bahari ya Mombasa haina geti, jamani

Juzi tena mtu kaniandikia WhatsApp: "Kaka, Mombasa naitaka sana ila sina sente ya hoteli ya beach, wacha niende tu Entebbe." Nimechoka na hii kitu. Kazi yangu ni kupeleka watu Mombasa kwa basi, vikundi vya kanisa, walimu shule zikifunga, wamama wa SACCO, na kila msimu huyu mtu hakosi, anaamini kabisa bahari iko ndani ya hoteli, eti bila kulala pale au kulipia siku huwezi kugusa maji. Nisikilizeni mara moja. Ule mchanga si wa hoteli.

Najua imani imetoka wapi. Huku kwetu Uganda ziwani, iwe Entebbe iwe Ggaba, ukitaka kukaa kando ya maji sehemu nyingi unalipa getini ndo unaingia, kwa hiyo mtu akisikia beach kichwani anaona geti. Kenya mambo ni mengine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hoteli ina majengo yake, bwawa lake, viti vyake vya kulalia. Lakini pale maji yanapofika yakijaa, kuanzia hapo kushuka chini, ni pa kila mtu, wewe uliyetoka Busia na mgeni wa chumba cha bei kali mko sawasawa.

Sasa hapa ndo penye kazi, na hapa ndo watu hawanisikilizi. Hiyo ardhi yako inapanuka na kusinyaa mara mbili kila siku! Sisi tumekulia kwa ziwa, maji ukiyaacha asubuhi jioni unayakuta palepale, basi mtu anapanga safari ya zaidi ya kilomita 1,000 bila kuuliza maji ya bahari yatakuwaje siku hiyo, anafika saa nne asubuhi anakuta bahari imekimbilia huko mbali kwenye mwamba wa matumbawe, yeye kaachiwa majani na vidimbwi, ananuna, anapiga picha moja, anarudi Kampala kutangaza kwamba Mombasa wanaisifia bure. Hapana. Ulienda saa mbaya.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndo unaandama, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Siku hizo Mombasa bahari inajaa karibu saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na inakauka karibu saa nne. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele, karibu dakika 50. Baada ya wiki hivi unaingia kwenye maji mafu, hapo saa zimegeuka, asubuhi ya saa nne ndo kumejaa na alasiri kumepwa, ila bahari haikimbii mbali. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya basi angalia mwezi, au fungua apu yoyote ya maji kujaa na kupwa, ziko za bure, weka Mombasa na tarehe yako. Dakika mbili tu.

Kikundi changu nikikipangia mimi, napenda sana siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Kuelekea adhuhuri maji yamepwa, mnatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba mkaone viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, na samaki wadogo kwenye vidimbwi (vaa viatu, kuna viumbe vya duara vyenye miiba myeusi, havina huruma), halafu jioni jua likipungua makali maji yanarudi na mnaogelea. Ingia wakati yanajaa. Yakianza kutoka usisogelee mlango wa mwamba, lile pengo maji yanapopitia, maji yanavuta pale, na waogeleaji wa ziwa ndo wanajiamini kupita kiasi. Hili nalisema kwa ukali kila safari na nitaendelea kulisema.

Kuna kitu kinanisumbua hata mimi. Sheria inakupa mchanga, haikupi njia ya kufika. Sehemu nyingi kati ya barabara na bahari ni ukuta kwa ukuta, na kile kichochoro cha wananchi kimebanwa au hakionekani kabisa. Halafu hiyo alama ya maji hakuna aliyeichora, jioni ya bamvua maji yanagusa ukuta wa hoteli, sasa ardhi ya umma iko wapi, iko chini ya maji. Nimewahi kusimama na watu wangu mchangani askari wa hoteli moja akatufukuza, nikamtajia katiba, akasema yeye kapewa amri na bosi. Tukasogea. Sitawaahidi kwamba kila askari ataelewa. Ndo maana naanzia Jomo Kenyatta Public Beach pale Bamburi, Pirates kama makonda wanavyoiita, matatu za Mtwapa zinapita hapo, unashuka, unavuka, uko baharini, hakuna kulipa. Ukishafika mchangani tembea kaskazini au kusini utakavyo, utapita mbele ya hizohizo hoteli ulizokuwa unaziogopa. Jumapili kunajaa watu mno, nenda Jumanne.

Kulala: vuka barabara ya Malindi upande wa bara, bei inashuka palepale. Kula: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai mchana. Jioni moja lazima uende Mama Ngina, mbele ya bahari kisiwani, kuingia bure, mama anakukaangia muhogo hapo hapo, anaupasua katikati, anaupaka pilipili na ndimu, unakula unatazama meli kubwa zinapita karibu sana kuingia bandari ya Kilindini, na mizigo mingi ya Uganda inaingilia mlango huohuo. Feri ya Likoni ukiwa kwa miguu hulipi. Mji wa Kale tembea bure, Fort Jesus ndo unalipa, na bei ya Mwafrika Mashariki ni ndogo kuliko ya mzungu kwa hiyo toa kitambulisho.

Kitambulisho hichohicho cha taifa kinakuvusha Busia au Malaba bila pasipoti, tangu 2014, na bado kuna watu wanaahirisha safari mwaka mzima wakingoja pasipoti! Beba kadi ya homa ya manjano. Na kavera acheni nyumbani, Kenya wamepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, faini yake si ya kucheza, toeni nguo na chapati kwenye kavera kabla hatujafika mpakani, si mpaka askari apande kwenye basi ndo mnaanza kupekua mabegi.